Samadi ya Bibi Mokami na Betri za Mwaka 2035

Mseti alirudi likizo ya Desemba akakuta chumba chake kimekaliwa na mavi ya ng'ombe.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba hakikuwa chumba cha fahari. Kilikuwa cha tofali za kuchoma, chenye bati juu, kitanda kimoja cha mbao na dirisha lenye ukubwa wa daftari. Lakini katika boma lote la Bibi Mokami pale Ringwani, ndicho pekee kisichovuja. Kwa sababu hiyo Bibi, baada ya kutafakari kwa kina, alikuwa amemhamisha mjukuu wake bila taarifa na kukikabidhi chumba kwa samadi. Ilipangwa kuanzia sakafuni hadi karibu na kenchi, mabonge makavu yaliyopanguswa udongo, yamepishana kama tofali za ukuta. Kitanda kilikuwa humo humo. Juu ya godoro ililala samadi ya ng'ombe mweusi, peke yake, imefunikwa blanketi la shule.

"Mume wangu, umeona?" alisema Bibi nyuma yake. Alimwita mume kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao, na kwa Bibi Mokami utani huo ulikuwa na fahari ndani yake. "Hakuna hata tone la mvua lililoigusa."

Mseti alisimama mlangoni, tranka kichwani, jasho likimtiririka kwa sababu bodaboda ilikuwa imemwacha barabarani. Akahisi kitu ambacho walimu wa bweni walikuwa wamekitafuta ndani yake kwa miaka mitatu, kwa viboko na kwa nasaha, bila mafanikio. Alihisi aibu.

Kisa chenyewe kilianza mwezi wa sita. Mwalimu Hezekia, mlezi wa Klabu ya Sayansi, aliwaagiza wanafunzi wakusanye utabiri wa wataalamu kuhusu nishati, kompyuta na sayansi ya miaka kumi ijayo. Mseti, ambaye alikuwa katibu wa klabu kwa kujiteua mwenyewe, alikusanya kurasa kumi na moja akarudi nazo nyumbani likizo, na siku ya pili tu akaenda kuzisoma kibandani kwa Simioni. Simioni alikuwa na sola ya kuchajia simu za watu na kompyuta ya kuingizia nyimbo kwenye memori, kwa hiyo kwake ndiko kulikokuwa makao makuu ya teknolojia Ringwani.

Mseti alisoma kwa sauti ya mdahalo. Alisoma habari za betri za sodiamu, madini yanayopatikana hata kwenye chumvi ya mezani. Alisoma kwamba kuna watu wanajaribu kutengeneza umeme kwa kuunganisha viini vya atomi kama jua linavyofanya, na kwamba zitakuja kompyuta za kumaliza kwa dakika hesabu ambazo za leo zingezifanya miaka. Simioni aliendelea kupuliza vumbi kwenye simu ya mtu. Mzee mmoja aliuliza kama katika hayo yote limo la kuondoa kupe. Mwingine, aliyekuwa akisubiri simu yake ijae chaji, alisema maendeleo huwa yanafika mjini Mugumu, yanakunywa soda, halafu yanarudi yalikotoka. Watu walicheka, na Mseti akabaki na kurasa zake.

Mtu mwenye busara angekunja karatasi akaenda kulisha ndama. Mseti alizunguka nyuma ya kibanda, akafungua kwenye simu ya mjomba wake programu ya akili unde inayogeuza maandishi kuwa sauti, akachagua sauti nzito ya mwanamume, ya aina ile inayotangaza misiba ya wakubwa. Akaandika:

"Wataalamu wa nishati wametabiri kwamba kufikia mwaka 2035, betri za magari na kompyuta duniani zitatengenezwa kwa samadi ya ng'ombe wa kienyeji. Inayotakiwa ni samadi kavu, isiyonyeshewa mvua, isiyochanganywa na majivu. Ya ng'ombe mweusi ina nguvu zaidi, kwa kuwa rangi nyeusi hufyonza jua. Magari ya kukusanya yataanza kupita vijijini kabla ya mwisho wa mwaka huu."

Akampa Simioni, akamwambia ameirekodi kutoka redioni. Simioni akaichomeka kwenye memori za wateja katikati ya nyimbo mbili, na kwa siku tatu Ringwani nzima ikaisikia ikipalilia. Wengi walicheka. Wanaume waliokulia zizini walisema wamelala karibu na betri hiyo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuwaka. Wiki ilipokwisha, utani ulikuwa umekwisha nao, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Sasa, Bibi Mokami hakuwa mtu wa kudanganyika, na hilo ndilo lililofanya jambo hili kuwa zito. Mchuuzi mmoja aliwahi kumletea ng'ombe aliyesuguliwa pembe ili aonekane kijana. Bibi alimfungua mdomo ng'ombe, akaangalia meno, kisha akamwambia mchuuzi afungue wake pia. Hakuamini kitu kabla ya kuuliza, na akiuliza alimuuliza anayejua. Kwa hiyo aliuliza. Ilikuwa asubuhi, yeye anakamua, Mseti ameshika ndama. Alisema amelisikia lile neno la betri kwa Simioni. Yeye hakusoma, lakini mume wake anasoma, je, ni kweli?

Hapo ndipo Mseti alipopewa nafasi yake, nzima, mchana kweupe. Akakaza uso. Ulikuwa uso ambao bwenini waliuita uso wa askofu, na ulikuwa umewahi kumwaminisha mpishi wa shule kwamba mkaguzi wa uji anakuja kutoka Dodoma.

"Bibi," alisema, "sayansi haina utani."

Bibi aliendelea kukamua hadi kibuyu kikafika nusu. Kisha akauliza tena, taratibu, bila kugeuka, kama mtu anayerudia kukagua fundo la kamba.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Siku nne baadaye alirudi shuleni, akamsimulia rafiki yake Ezekiel aliyelala kitanda cha chini, na Ezekiel alicheka hadi akaangusha kikombe cha chai. Mseti akalihesabu jambo hilo miongoni mwa kazi zake bora, akalisahau.

Bibi hakusahau. Mwezi wa nane, wenzake walipokuwa wakisomba samadi kwa matoroli na mikokoteni ya ng'ombe kwenda mashambani kabla ya mvua za vuli, yeye alisomba ya kwake kuipeleka chumbani. Jirani yake Rose, aliyekaa ng'ambo ya ua wa minyaa, alimuuliza kwa mshangao kama mwaka huu halimi. Bibi alijibu kwamba analima, ila samadi yake ina kazi nyingine. Akapanda mahindi kwenye udongo mtupu uliochoka.

Hayo yote Mseti aliyasikia katika saa yake ya kwanza nyumbani, amekaa kwenye kigoda na bakuli la uji wa wimbi mkononi, na Bibi akiyasimulia kwa furaha ya mtu aliyetunza amana. Kutoka pale alipokaa aliyaona mashamba yote mawili. Mahindi ya Rose yalikuwa marefu kupita mtu, ya kijani kizito, na magunzi yamejaa punje. Ya Bibi yalikuwa na rangi ya manjano, membamba, yameinama kama wanafunzi wa kidato cha kwanza katika wiki yao ya kwanza ya bweni, na hindi lake kubwa kabisa lilitosha kwenye kiganja cha mtoto. Akaweka bakuli chini.

Bibi aliona anapotazama. Alisema msimu mmoja si kitu kwa mtu anayejua anakokwenda, na kwamba hata msimu wa masika hataitoa samadi ile. Atahamia jikoni ikibidi. Rose, alisema, humuuliza kila asubuhi kama gari la betri limepata pancha. Kwa Simioni wamempa jina, wanamwita Mama Chaji. Yeye huwajibu neno moja tu, kwamba wasubiri mume wake afike. Na sasa amefika. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Machage, akamwomba amweke Mseti kwenye mkutano wa Alhamisi, na mwenyekiti amekubali na kuandika: maelezo ya mtaalamu kuhusu nishati ya siku zijazo. Yako baada ya ng'ombe waliopotea na kabla ya mengineyo.

Ilikuwa Jumatatu. Mseti alilala jikoni siku hizo, kwa kuwa chumba kilikuwa na mgeni mheshimiwa.

Haitakuwa haki kusema kwamba aliamua kutubu mara moja. Jumanne alifikiria kusingizia malaria. Jumatano alipata wazo lililomfurahisha kwa muda wa robo saa: atatengeneza rekodi ya pili, sauti ile ile nzito, ikitangaza kwa masikitiko kwamba wataalamu wameahirisha mpango wa samadi kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wao. Hakuna ambaye angeaibika. Aliandika maneno kwenye simu ile ile ya mjomba, akayasikiliza, yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kumtumia Simioni aliposikia, upande wa pili wa ukuta, sauti ndogo ya kitambaa kikisugua. Alichungulia. Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anapangusa mabonge ya ng'ombe mweusi moja moja, akiyageuza, kama mtu anavyowapangusa watoto uso kabla ya kwenda kanisani.

Akaifuta rekodi.

Alhamisi asubuhi sare yake ya shule ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, ili ahutubie ameivaa. Bibi alikuwa anakamua. Mseti alimshika ndama, na kwa kuwa hakupata namna nyingine ya kuanza, alisema tu.

"Bibi, yale ya betri niliyatunga."

Maziwa yaliendelea kuingia kibuyuni. Akadhani hajasikia. Akaeleza kwamba sauti ile si ya mtu, ni ya mashine. Kwamba maneno aliyaandika yeye nyuma ya kibanda cha Simioni. Kwamba hakuna gari, halijatumwa, halitakuja. Alizungumza na sikio la ndama zaidi kuliko alivyozungumza na Bibi.

"Nilikuuliza?" alisema Bibi.

"Uliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Bibi alifungua kamba miguuni mwa ng'ombe, akaikunja vizuri, akaiweka begani. Alipomtazama hakuwa na hasira, na Mseti alitamani sana angekuwa nayo, maana hasira alikuwa na uzoefu nayo.

"Mseti," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu alipokuwa anatambaa. "Leo huendi mkutanoni."

Mseti alisema atakwenda, atawaambia watu ukweli, wamwache Bibi. Bibi akakataa. Atawaambia yeye mwenyewe kwamba alisikia vibaya. Yeye ni mzee, wazee husikia vibaya, watu watacheka na watachoka. Lakini wakijua kwamba mtoto wa boma hili alimtazama bibi yake machoni akamjibu uongo mara mbili, hilo halitaisha. Siku ukoo utakapotuma watu kumposea mke, wenye binti watauliza huyu kijana ni wa tabia gani, na hakuna mtu Ringwani atakayekuwa amesahau.

"Aibu yangu nitazikwa nayo," alisema. "Ya kwako itatembea mbele ya ng'ombe wa mahari."

Akabeba kibuyu akaingia ndani. Mseti alibaki na ndama. Kisha akaiondoa sare kwenye kamba, ikiwa bado na unyevu mabegani, akaivaa, akaondoka.

Nje ya ofisi ya kijiji watu walikuwa wengi kuliko kawaida ya Alhamisi, na mwandishi wa habari hii analazimika kukiri kwamba hawakuja kwa ajili ya ng'ombe waliopotea. Rose alikuwa kwenye benchi la mbele. Simioni alileta redio yake yenye memori, akaiweka mezani, akisema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Mzee Machage alimwita mtaalamu, akajitahidi asicheke, akashindwa kidogo upande mmoja wa mdomo.

Mseti alikuwa ameshinda midahalo saba. Alikuwa amewahi kutetea hoja kwamba mwanafunzi mvivu ni mhimili wa taifa, akapigiwa makofi. Siku hiyo hakupata hata pa kuweka mikono.

"Yale maneno niliyatunga mimi," alisema. "Hakuna betri za samadi. Bibi aliniuliza, nikamwambia ni kweli."

Halafu mkutano ukacheka kicheko ambacho Simioni mwenyewe alisema hakijawahi kusikika pale tangu ofisi iezekwe. Hawakumwamini. Waliona kijana amemwonea bibi yake huruma, amekuja kumbebea mzigo. Mzee Machage alifuta machozi kwa kofia, akasema kijana huyu, mura huyu, ana moyo mzuri, na wenye wajukuu waige. Rose akasema hata kama Mama Chaji amechanganyikiwa kidogo, mtoto amemlea vizuri. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi.

Mseti alijaribu tena. Alitaja simu ya mjomba, programu, sauti. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyompenda. Uongo ulikuwa umemchukua dakika tano na simu ya kuazima; sasa ukweli ulikuwa kinywani mwake na hakuna aliyeutaka. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Alisifiwa hadi akatamani kulia.

"Anasema kweli."

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Bibi Mokami alikuwa amesimama kando ya njia na khanga yake ya kukamulia, miguu ina vumbi hadi magotini kwa kutembea haraka. Hakusogea mbele.

"Anasema kweli," alirudia. "Nilimuuliza mara mbili."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyemgombeza Mseti; wangemgombeza, ingekuwa nafuu. Rose alimtazama Bibi, akamtazama kijana, kisha akavuta khanga akafunika mdomo wake na kuinama. Simioni alinyanyua redio mezani polepole akaiweka chini ya benchi, kama mtu anayeondoa kitu msibani. Mzee Machage aliangalia karatasi yake kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo, akakata mstari mmoja kwa kalamu, akasema tuendelee na mengineyo. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Bibi alikwisha geuka. Mseti alimfuata, hatua kumi nyuma, na njia nzima hakupunguza zile hatua.

Kazi ya kuitoa samadi ilianza kesho yake. Iliyoingia kwa miezi mitano ilitoka kwa siku tisa, toroli kwa toroli, ikipita kwenye njia ile ile ya watu wote. Mseti aliwaamkia wakubwa aliokutana nao, shikamoo, wakaitikia marahaba, na hakuna aliyeongeza neno. Hata wale vijana wa kwa Simioni, ambao wasingeacha kumtania maiti, walimpisha njia wakaangalia upande mwingine. Siku ya tatu Rose alileta mkokoteni wake na maksai wawili bila kuombwa, akaacha kamba juu ya ua, akarudi kwake. Tangu mkutano hakuwa ameuliza habari ya pancha.

Bibi hakumnyima kitu. Ugali alimpakulia wa kushiba, maji ya kuoga alimwachia jikoni. Alimwelekeza kazi kwa utulivu: hapa mwaga kidogo, pale pondaponda kwanza, hii ya ng'ombe mweusi itupe pale chini ambako udongo umechoka zaidi. Alimwita Mseti. Mseti, leta jembe. Mseti, njoo ule. Lilikuwa jina lake halali, lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kila alipolisikia alihisi kama ameitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Siku ya nane, mchana, walikuwa katikati ya shamba wakitawanya samadi simu ya Bibi ilipolia mlio mfupi wa ujumbe. Mwaka ule wakulima walikuwa wakitumiwa utabiri wa mvua kwenye simu, na Bibi aliupenda ule utabiri kuliko habari zote, kwa kuwa ndio uliomwambia siku ya kupanda. Mseti akiwa nyumbani, kazi ya kusoma ilikuwa yake. Siku za nyuma simu ilikuwa haijamaliza kulia Bibi ameshamnyooshea. Mseti akaacha jembe. Akafuta viganja kwenye shati, mbele na nyuma, akanyoosha mkono.

Bibi alifungua pindo la khanga akaitoa simu. Akaitazama. Akautazama ule mkono.

Kisha akampita. Alitembea juu ya matuta, taratibu, magoti yakimuuma, hadi kwenye ua wa minyaa, akamwita Rose. Rose aliishia darasa la nne, na husoma kwa kuburuta kidole. Alitoka, akaipokea simu, akaisogeza mbali na macho, akaanza.

"Mvua... za... wiki... mbili... zi-ja-zo..."

Mseti alisimama na mkono wake. Aliusikia usomaji ule ukipanda na kuteleza, neno likivunjika vipande vitatu, likiungwa vibaya, likirudiwa. Katika sentensi ya pili Rose alikwama kabisa. Alijaribu mara moja, akaguna, akajaribu tena. Mseti alishalijua neno lenyewe kutoka pale alipokuwa, kwa silabi yake ya kwanza tu, na lilikuja hadi kwenye ulimi.

Bibi Mokami alikuwa amelisogeza sikio lake karibu na ua, anasubiri. Alimwambia Rose asiwe na haraka.